Mimi ni mtu wa shoto: saa ya babu niivae mkono upi?

Fundi, kamwene.

Mimi ni seremala hapa Mafinga, nina miaka 31, na ni mtu wa shoto tangu utoto. Nyundo, msumeno, randa, kalamu, vyote nashika kwa kushoto. Mwaka huu nimerithi saa ya babu, ile ya kutia ufunguo, yenye vito 17, vile vijiwe vidogo vinavyoshika ncha za magurudumu ndani. Nimekuwa nikiivaa kushoto kwa sababu karakana nzima inaniambia mwanaume huvaa kushoto, na kulia ni kwa akina mama.

Huu ni mwezi wa nne na sina raha nayo. Kitufe cha kutilia ufunguo kinanichoma nyuma ya kiganja kila nikisukuma randa, hadi pametoka kidonda. Saa yenyewe imeanza kukimbia, inawahi dakika 6 au 7 kwa siku, na mwanzo haikuwa hivyo. Pini ya mkanda imekatika mara mbili. Mara ya pili saa iliangukia kwenye maranda, nikashukuru Mungu. Mkanda wa ngozi unanata utomvu wa paina, na kioo kimejaa mikwaruzo.

Nikiihamishia kulia, kitufe si kitakuwa upande mbaya? Au ninunue saa iliyotengenezwa kwa watu wa shoto, hii ya babu niiweke kabatini?

La mwisho si la saa moja kwa moja. Binti yangu wa miaka 5 naye anashika penseli kwa kushoto. Mama mkwe anataka tumfunge mkono huo kwa kitambaa mpaka azoee kulia. Mke wangu amebaki katikati. Nifanyeje?

Seremala wa Shoto, Mafinga

JIBU

Kamwene, ndugu yangu.

Ihamishie kulia leo. Saa ya mkononi inakaa kwenye mkono usiofanya kazi. Watu kama 9 kati ya 10 hufanya kazi kwa mkono wa kulia, ndiyo maana ukipanda basi la kwenda Iringa utaona saa nyingi ziko kushoto. Kwako wewe mkono unaopumzika ni wa kulia. Hilo la mwanaume kushoto na mwanamke kulia halina msingi: mwanamke anayeshika kalamu kwa kulia naye huvaa saa kushoto, kwa sababu ile ile. Na kama wenzako wanataka kupima kwa majina, Kiswahili chenyewe huuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Kwa hesabu yao wenyewe, basi, kulia ndiko kungekuwa kwa wanaume.

Desturi hii ina chanzo chake. Zamani wanaume walibeba saa mfukoni, imefungwa mnyororo, na saa ya mkononi ilihesabiwa pambo la wanawake. Vita vya 1914 hadi 1918, hivyo hivyo vilivyofika Iringa mwaka 1916, viliwafanya askari wengi wafunge saa mkononi, kwa kuwa mwenye bunduki hana mkono wa kuchomolea saa mfukoni. Kitufe kikawa upande wa namba 3, ili mtu aliyevaa kushoto akifikie kwa vidole vya kulia. Saa ya babu imeundwa kwa mpango huo, na mpango huo ndio unaokutoboa.

Jipime uone. Vaa saa kushoto, kunja mkono mbele ya kifua, kiganja kikitazama chini. Namba 3 inaelekea vidoleni. Sasa inua kiganja kama unavyofanya ukisukuma randa: nyama ya nyuma ya kiganja inapanda moja kwa moja juu ya kitufe. Hamishia kulia, urudie. Namba 3 sasa inaelekea kwenye kiwiko, na kiganja kikipanda hakikuti kitu. Huo unaouita upande mbaya ndio utakaokuponyesha kidonda. Mkanda nao hauhitaji kugeuzwa. Kipande kifupi chenye bizimu kiko upande wa namba 12, kirefu chenye matundu kiko upande wa 6, na kwa mkono wowote kile cha matundu huangukia upande wa dole gumba. Wiki ya kwanza kuufunga kwa mkono wa kushoto kutakuwa kugumu kidogo. Weka mkono wa kulia juu ya meza, kiganja juu, uso wa saa ukilala mezani chini ya kifundo, ufunge bizimu ukiiona.

Ubaya wa kulia upo, ila ni mdogo. Kitufe kikielekea kiwiko, mkono wa sweta hukikamata, na Mafinga mtu havui sweta asubuhi. Uzi wa sufu unaweza kukivuta kitufe nje nusu milimita, ukasogeza mishale au ukaisimamisha saa, na mtu akadhani imekufa. Kabla ya kuivaa kisukume kwa kucha uone kama kimekaa. Mkono wa sweta uishie kabla ya kufika kwenye saa. Usiibane saa ndani ya mkono wa sweta.

Jambo la pili ni kutia ufunguo. Usitie saa ikiwa mkononi, iwe kulia au kushoto. Ukikizungusha kitufe saa ikiwa imebanwa na mkanda, unakivuta kwa upande, na kijiti chembamba kinachokishika hupinda kidogo kidogo mpaka kikatike, au njia yake ipanuke na kuingiza unga wa mbao. Ivue. Ishike kwa mkono wa kulia, kioo juu, na uigeuze namba 12 ije upande wako: kitufe kitakuja kushoto, mbele ya vidole vyako vya kazi. Ukikitazama kitufe kwa mbele, kizungushe kufuata mwendo wa mishale. Ukirudisha nyuma kinateleza tu, hakidhuru. Saa nyingi za aina hii hujaa kati ya mizunguko 20 na 40. Ukihisi pamekaza, acha hapo hapo, usiongeze hata robo. Tia mara moja kwa siku, saa ile ile, afadhali asubuhi kabla ya kutoka, ili saa ianze kazi ikiwa na nguvu kamili.

Sasa kukimbia. Saa nzuri ya zamani kuwahi au kuchelewa sekunde 20 au 30 kwa siku si ugonjwa. Dakika 6 au 7 ni ugonjwa, na kwa seremala kuna mambo mawili ya kushuku. Ndani ya saa kuna gurudumu linalocheza huku na huku, na limeshikwa na springi nyembamba kama unywele, iliyojisokota kama njia ya konokono. Ikipata sumaku, mizunguko yake hugandana, springi inakuwa kama imefupishwa, gurudumu likacheza haraka kuliko kawaida. Ukipiga nyundo kwa mkono wenye saa, mizunguko hiyo hiyo inaweza kurukiana na kunasana, matokeo yakawa yale yale.

Anza na sumaku, kwa kuwa dawa yake ni nyepesi. Angalia unaiweka wapi usiku: juu ya spika, karibu na bisibisi yenye ncha ya sumaku, au pamoja na simu yenye kava linalofungwa kwa sumaku? Chukua dira ndogo ya sindano, uisogeze taratibu mbele ya kioo. Sindano ikiyumba waziwazi, shuku sumaku. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Kama baada ya hapo bado inakimbia, lazima ifunguliwe. Usikubali fundi akusogezee tu kile kijiti cha kupunguza mwendo. Dakika 7 hazirekebishwi hivyo. Anaficha ugonjwa, na siku mizunguko ya springi ikiachana saa itaanza kuchelewa vibaya. Muulize pia kama ataifungua yote, aioshe na kuitia mafuta mapya penye vito. Akitaka kudondoshea mafuta juu juu bila kuifungua, ichukue uondoke nayo. Mafuta yakizidi husambaa hadi kwenye springi, na ugonjwa unarudi pale pale.

Kuhusu nyundo naomba unielewe vizuri, maana saa hii hutapata nyingine ya babu. Ncha za lile gurudumu zina unene wa karibu sehemu 1 ya 10 ya milimita. Pigo la msumari wa inchi 4 linapita kwenye mpini, linaingia kwenye kifundo, linafika pale. Saa nyingi za zamani hazina kinga ya mshtuko. Zenye kinga mara nyingi huandikwa Incabloc au neno la kinga kwenye uso au mgongoni. Ya babu kama haina, hata mkono wa kulia siku ya kupigilia paa si mahali pake. Siku za mashine ni hatari zaidi, na hapo sizungumzii saa tena, nazungumzia mkono wako. Mashine ya kupasulia, randa ya umeme, drili ya kusimama, mashine ya kukerezea: mbele ya kitu chochote kinachozunguka, vua saa, vua pete, kunja mikono ya shati. Mkanda ukinaswa haukatiki mara moja, unavuta kiganja kwanza. Weka kopo dogo lenye mfuniko, ndani kitambaa laini, lining'inie mbali na meza ya kazi. Mfukoni hapafai, kwa sababu mfuko wa seremala una skrubu. Kama lazima ujue saa ukiwa kwenye mashine, nunua ile ndogo ya kubandika kifuani kwa pini, kama wanazovaa wauguzi. Uso wake umegeuzwa chini juu ili anayeitazama ni mvaaji.

Pini. Pima nafasi iliyo kati ya masikio ya saa, pale mkanda unapoingia, kwa rula ya milimita. Saa za wanaume za enzi hizo mara nyingi ni milimita 18, ila pima mwenyewe. Pini iwe na urefu wa namba hiyo hiyo. Ikiwa fupi kwa milimita 1, ncha zake hushika kidogo tu kwenye matundu, na pigo la kwanza linaichomoa. Nashuku hilo ndilo lililokupata mara mbili, kwa sababu pini nyepesi haikatiki hovyo, huchomoka kwanza kisha inapinda. Unene wa kawaida ni milimita 1.5. Tandika taulo mezani, laza saa kifudifudi, ingiza ncha nyembamba ya bisibisi kati ya mkanda na sikio, sukuma bega la pini kuelekea katikati, inua. Funika kwa kidole cha pili, kwa sababu pini ina springi ndani, na ikiruka hutaiona tena. Ukirudisha, sikiliza mlio mdogo pande zote mbili, kisha vuta mkanda kwa nguvu kidogo huku saa iko juu ya taulo. Badilisha pini zote mbili pamoja, kila unapobadilisha mkanda. Bei yake ni ndogo.

Mkanda wa ngozi uondoe kazini. Jasho na utomvu huuozesha kwa ndani, na unakatika mahali ambapo hupaoni. Nunua wa nailoni ule mrefu wa kipande kimoja, unaopita chini ya mgongo wa saa kwenye pini zote mbili. Pini moja ikichomoka, saa inabaki inaning'inia kwenye ya pili. Unafuliwa kwa sabuni Jumamosi na kukauka usiku mmoja. Utomvu ukiushika, paka mafuta ya kula kidogo, acha dakika 10, sugua, kisha sabuni. Wa ngozi uvae kanisani. Uache mlegeo wa kidole kimoja. Mchana mkono huvimba, asubuhi ya Juni hunywea, kwa hiyo sogeza tundu moja bila kuona uvivu.

Kioo usikipake spiriti, kwa bei yoyote. Saa nyingi za umri huo zina kioo cha plastiki, na spiriti hukipasua nyufa ndogo ndogo zisizorekebishika. Kigonge kwa kucha: plastiki hutoa sauti butu na haina ubaridi wa kioo halisi. Ikiwa ni plastiki, bahati yako, kwa sababu mikwaruzo huondoka: dawa ya meno nyeupe, kiasi cha punje ya mahindi, kitambaa laini, sugua kwa kuzungusha dakika 3, futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, rudia. Funika kitufe kwa utepe kabla ya kuanza. Kioo halisi hakisuguliki hivyo, kinabadilishwa.

Na ukungu. Juni na Julai Mafinga baridi hushuka chini ya nyuzi 10 alfajiri, na saa iliyopata joto chini ya sweta ikitoka nje ghafla, unyevu uliomo ndani unageuka matone chini ya kioo. Usiiweke karibu na jiko. Joto linakausha mafuta na kuharibu mpira wa kuzuia maji. Ipeleke ifunguliwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa kuwa skrubu na kijiti cha kitufe hushika kutu upesi, na mpira ubadilishwe kila mgongo unapofunguliwa. Saa ya babu uichukulie haina kinga ya maji hata kidogo, hata kama mgongoni pameandikwa vinginevyo.

Kununua ya watu wa shoto sio lazima. Zipo, kitufe kiko upande wa namba 9, ila ni chache na bei yake ni kubwa, na faida yake kubwa ni kukifikia kitufe bila kuivua. Kwa kuwa wewe utaivua kila asubuhi, faida hiyo haikufikii. Kama unataka saa ya karakana, nunua ya betri ya bei ndogo, ambayo haiumizwi sana na mapigo, na ya babu ibaki ya siku za kupumzika. Ukipata saa janja, ingia kwenye mipangilio uiambie uko mkono upi, vinginevyo uso utageuka vibaya na hesabu ya hatua itapotoka.

Binti yako sasa. Msimfunge mkono. Mkono ambao mtoto anautegemea huonekana wazi kati ya miaka 3 na 6, na kuufunga hakuuhamishi. Kunamfanya aandike pole pole, kwa mkono usiojua njia, na achukie daftari kabla hajajua herufi. Mama mkwe ana hoja moja ya haki, nayo mpeni: kulia ndiko kwa kulia chakula na kwa kusalimia. Mfundisheni binti kupokea kwa mikono miwili na kula ugali kwa kulia, kama watoto wengine wa shoto wanavyojifunza bila shida. Kuandika, kukata na kushona vibaki kushoto. Wewe na mama mkwe mna heshima yenu, kwa hiyo neno hili lipite kwa mke wako, au mwombeni mwalimu wa awali alitamke mbele ya bibi. Likitoka kwa mwalimu halina mashindano.

Mwalimu ndiye utakayemhitaji zaidi. Mwombe amkalishe binti mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Karatasi ikae kushoto kidogo ya katikati ya mwili na iinamishwe kulia, kona yake ya juu ya kushoto ndiyo iwe juu kuliko zote. Penseli ashike kama sentimita 3 kutoka ncha, ili aone anachoandika, na kiganja kikae chini ya mstari. Watoto wa shoto wasioelekezwa hukunja kifundo juu ya mstari kama ndoano, wanajifuta maandishi kwa mkono wao wenyewe na kuchoka upesi. Mkasi wa kawaida utamshinda, na si uzembe wake: makali yamepangwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo dole gumba la kushoto linayasukuma mbali badala ya kuyabana, karatasi inakunjika. Kuugeuza mkasi chini juu hakusaidii kitu. Mtafutie wa shoto, na kabla haujapatikana mwacheni achane karatasi kwa mkono.

Siku atakayotaka saa yake, mvalishe kulia kama baba. Mfundishe kutazama mshale mfupi na kusoma namba iliyo mkabala wake: mshale ukiwa kwenye 7, anyooshe kidole kupita katikati hadi kwenye 1, aseme saa moja. Mchoree uso wa saa kwenye kipande cha ubao wa paina, misumari 12 midogo na uzi mmoja wa kuvuta kutoka upande hadi upande. Kazi hiyo ya karakana haizidi nusu saa.